Gari la spoti Mtwara, mwaka na miezi minne sasa: haya madoa kwenye boneti yanatoka wapi?

#1 Mpwani wa Shangani

Kuchele wakuu.

Nimekaa na Toyota 86 hapa Mtwara mwaka na miezi 4. Ni ya 2013, nyekundu, gia za mkono. Nilipoiagiza, kila niliyemwambia alinipa jibu moja: gari la spoti halikai Kusini, utaliuza kabla ya masika. Masika yamepita, gari ninalo, na ndilo ninaloendea kazini, sokoni, msibani na shamba. Sina jingine.

Kwa hiyo siulizi kama inawezekana. Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Tangu Julai boneti na paa vimeota madoa meupe, viduara vidogo kama tone la maji lililokauka, na mengine ukipitisha kidole unasikia yamechimba rangi. Nikimwagia maji hayaonekani, yakikauka yanarudi. La pili, nikilaza gari, asubuhi diski za breki zina kutu ya rangi ya chungwa.

Naishi Shangani, kama mita 300 kutoka ufukweni. Gari linalala nje, chini ya mwembe. Jumamosi nyingi naenda shamba Nanyamba na kurudi.

Mnaokaa na magari ya namna hii Mtwara na Lindi, nini kinakula rangi? Na ninyi mnaishi nayo vipi?

#2 Baharia Mstaafu

Chumvi. Usitafute mchawi mbali.

Julai ni kusi kali. Povu la bahari linapigwa na upepo, matone madogo usiyoyaona yanaruka hadi kwenye nyumba, maji yanakauka hewani, chumvi inatua. Mita 300 ni karibu mno. Angalia mabati ya jirani zako wa upande wa bahari uone yana miaka mingapi na yamekuwaje. Nimefanya kazi kwenye vyombo miaka 26, tulikuwa tunaosha sitaha kwa maji yasiyo ya chumvi kila siku, na bado chuma kililiwa na kutu.

#3 Korosho Ghafi

Baharia nakuheshimu ila hapana. Soma tena #1, jamaa anakwenda Nanyamba kila Jumamosi, na madoa yameanza Julai. Julai Nanyamba kuna nini? Salfa! Mikorosho inapulizwa unga alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado kwenye majani. Ukilaza gari shamba hata saa mbili, unalikuta limefunikwa. Unga huo ukipata umande unakuwa asidi. Pikipiki yangu tangi lote limebabuka.

#4 Dereva wa Masafa

Hongera kwa chombo, mkuu. Nafikiri nimewahi kukuona pale Mnazi Mmoja njia panda ya Masasi, nyekundu iko chini kabisa. Swali langu: Somanga, kwenye barabara ya Dar, unapitaje? Nitarudi.

#5 Binti wa Newala

Habari zenu. Mimi kwetu Newala ila kazi iko Lindi mjini, na nina Mazda Roadster, ile ya paa la kufungua, mwaka wa tatu sasa. Sina shamba la korosho ninalokwenda na gari, kwetu Newala bado naenda kwa basi. Nimekuwa nayo madoa hayohayo, viduara vyeupe.

Kwa hiyo kaka Korosho, salfa ya Nanyamba haikunifuata Lindi.

Mimi nilikuja kugundua ni maji ya kuoshea. Nyumba niliyopanga ina kisima, maji yake sabuni haitoi povu na sufuria ya chai ina ganda jeupe ndani. Nilikuwa naosha gari saa nne asubuhi juani, naliacha likauke lenyewe. Nilipoanza kuosha jioni kwa maji ya mvua ya tangi na kukausha kwa kitambaa, mapya hayakutokea. Ya zamani yapo hadi leo.

Mpwani, unaoshea maji gani?

#6 Fundi Rangi Ligula

Wakuu, nimepaka rangi magari mji huu tangu 2004. Mnabishana kama vile doa ni moja. Doa ni mawili.

Kuna doa lililokaa juu ya rangi, na kuna doa lililoingia ndani ya klia. Klia ni ile tabaka ya juu inayong'aa haina rangi. La kwanza unalitoa. La pili unalisugua kwa kompaundi hadi klia inapungua, na klia ikiisha hakuna polishi itakayokuokoa, unarudi kwangu.

Pima hivi. Gari likiwa baridi, kivulini, osha vizuri kwanza. Chukua siki nyeupe ya jikoni, nusu siki nusu maji, weka tone kwenye doa moja, subiri dakika moja tu, suuza kwa maji mengi. Likitoka, lilikuwa ganda la maji. Likibaki, rangi imeshaliwa. Usitumie ndimu juani, usitumie sabuni ya unga, na usimruhusu kijana wa kuosha magari akupitishie steelwire. Nimeona haya yote.

#7 Mwalimu wa Maabara

Naomba kurekebisha #3. Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji. Ukiichanganya na umande unapata salfa yenye unyevu, hupati asidi palepale. Ili igeuke asidi inahitaji kuungana na oksijeni, kazi ambayo kwenye udongo hufanywa taratibu na bakteria, si usiku mmoja juu ya boneti. Halafu salfa ni ya njano. Mpwani anasema madoa meupe.

Sisemi haina madhara. Unga wowote ukisuguliwa kavu kwa kitambaa unakwaruza.

#8 Korosho Ghafi

Mwalimu, kitabu nimekielewa, lakini tangi langu limebabuka kweli na halijawahi kuona bahari. Njoo shambani nikuonyeshe. Na siku hizi hatupulizi unga peke yake, kuna dawa za maji dhidi ya ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, zikikauka zinaacha doa jeupe kwenye jani, ndoo na shati. Hilo hujaligusa.

#9 Mwalimu wa Maabara

Hilo sijaligusa, ni kweli. Tone la dawa likikauka linaacha mabaki. Hapo una hoja.

#10 Kijana wa Chikongola

Mnazungumza madoa page nzima! Inakimbia ngapi? Na hiyo gari mbona ya 1986 jamaa anasema 2013? Toyota za zamani injini zake ngumu sana.

#11 Altezza Masasi

Mdogo wangu, 86 si mwaka. Ni kumbukumbu ya AE86, namba ya chasisi ya Corolla Levin na Sprinter Trueno za 1983 hadi 1987, nyepesi, zinasukuma nyuma. Hii ya sasa ilitoka 2012, Toyota na Subaru waliitengeneza pamoja. Na injini yake ni ya Subaru, FA20, silinda 4 zimelala ubavu mbili huku mbili kule. Ndiyo maana boneti imekaa chini vile.

Mimi nina Toyota Altezza hapa Masasi, injini ya 3S, gia 6. Madoa sina. Nina vumbi. Kichujio cha hewa nakifungua kila wiki mbili na kinatoka chekundu. Kila mtu na adui yake.

#12 Mpwani wa Shangani

Asanteni sana. Nijibu kwa mpangilio.

Binti wa Newala: naosha nyumbani, maji ya kisima cha jirani, Jumapili asubuhi, juani. Umenishtua. Sufuria yetu ina ganda hilohilo.

Fundi: siki nitanunua kesho, nitaleta majibu.

Kijana wa Chikongola: farasi 200, kilo 1,230 hivi. Inakimbia, lakini si kitu ninachokifurahia zaidi. Nakueleza hapa chini kwa urefu, maana ndiyo sehemu ya pili ya swali langu na naona watu wengi wanainunua kichwani bila kuijua.

Asubuhi natoka Shangani saa 1 na nusu. Kutoka chini ya gari hadi ardhini ni milimita 130. Kwa hiyo nimeujua mji huu kwa tuta moja moja. Kuna matuta ninayoyapita moja kwa moja, na kuna matuta manne lazima nikate mshazari, tairi moja baada ya nyingine, nikisubiri kwanza bodaboda wapite maana wakiona gari limekwenda upande wanadhani nakata kona. Rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana, hazinisumbui tumbo la gari, zinanisumbua bushi, ile mipira ya miguu ya gari. Njia ya kwenda kwa dada yangu Magomeni nimeiacha kabisa wakati wa mvua, naegesha barabara kubwa naingia kwa miguu.

Mama yangu anasumbuliwa na magoti. Mara ya kwanza aliingia kwa kichwa akakwama, tukacheka wote, lakini niliumia moyoni. Sasa tuna utaratibu: anageuka mgongo, anakaa kwanza, khanga anaikusanya mapajani, halafu anazungusha miguu yote miwili kwa pamoja. Kutoka namshika mikono yote miwili. Anasema kukaa chini vile kunamkumbusha jamvi, na safari ya Mikindani anaiomba mwenyewe.

Mizigo: viti vya nyuma ni vya mtoto au begi. Lakini vikilazwa pana nafasi ambayo watu hawaamini, waliotengeneza walipima vitoshe tairi 4 za akiba. Nimebeba mihogo, nimebeba mabati mafupi, nimebeba ubao wa mlango. Gunia la korosho halijaingia. Shemeji alitaka kujaribu, nikakataa.

Na yale ninayoyafurahia. Barabara ya Mtwara hadi Mnivata ni lami kilomita 50, Nanyamba iko humo. Jumamosi saa 12 asubuhi hakuna mtu, kuna ukungu kwenye mikorosho, gia ya tatu, usukani unakusimulia kila kokoto. Spidi 70. Sihitaji zaidi ya hapo. Mtu akiniuliza kwa nini sikununua gari la juu, jibu langu ni zile dakika arobaini.

#13 Mzee wa Ndanda

Mwanangu Mpwani, umeandika vizuri na mama umemtunza vizuri. Lakini niseme kama mzazi. Gari ni chombo cha kazi. Kwa hela ile ungepata pikapu, ungebeba korosho zako na za jirani kwenda ghalani, gari lingejilipa. Gari lisilobeba gunia Mtwara hii linakula mwenyewe halafu linamla mwenye gari.

#14 Mpwani wa Shangani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Korosho zetu zinabebwa na pikapu ya chama, zimekuwa zikibebwa hivyo kabla sijawa na gari lolote. Mshahara wangu hautegemei gunia. Nilikusanya hela hii miaka 7, sikukopa popote, na nyumba ya mama niliezeka kwanza.

#15 Mzee wa Ndanda

Marahaba. Kama uliezeka kwanza, sina neno.

#16 Binti wa Newala

Mimi niongeze jambo ambalo wanaume hamlisemi. Lindi ni ndogo. Roadster iko moja mjini, labda mbili. Nikisimama duka la dawa, jioni mama mwenye nyumba ananiuliza naumwa nini. Nikichelewa kutoka kazini, mtu ameshaliona gari "bado liko pale". Shangazi akiwa Newala alipigiwa simu kwamba nimefungua paa nikiwa kichwa wazi. Gari la IST lingenificha, kuna IST mia.

Mwaka wa kwanza nilitaka kuliuza kwa sababu hiyo peke yake, wala si mashimo. Nilichofanya nikaenda mwenyewe Newala nalo hadi lami inapoishia, nikaacha kwa ndugu, nikapanda basi, na safari ya pili nikamchukua shangazi pale tukazunguka naye. Tangu siku ile anayepiga simu kunisema anajibiwa na yeye.

#17 Altezza Masasi

Dada #16, hilo ni kweli kabisa hata huku. Polisi wa barabarani wote wananijua. Nasimamishwa kila safari hata nikiwa spidi 40, na swali la kwanza si leseni, ni "hii inatembea ngapi?" Sigombani. Tochi ya kupima mwendo wanayo, kwenye makazi ni 50, faini 30,000 kila kosa. Gari likiwa na sauti utapunguza mwendo na bado wataamini ulikuwa unakimbia.

#18 Dereva wa Masafa

Nimerudi. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Zamani kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003, mnasubiri kivuko, wengine mnalala. Leo unatoka alfajiri unafika mchana. Lakini kwa gari la chini mambo ni mawili. Kwanza mashimo ya ghafla kati ya Somanga na Nangurukuru, malori yamekata lami. Lori likikwepa, fuata njia yake, usishindane nalo. Pili maji. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya na mvua zake barabara ilikatika maeneo ya Somanga, abiria walikwama siku kadhaa. Siku ile hata gari za juu zilikaa. Mpwani uliagiza kabla au baada?

#19 Mpwani wa Shangani

Baada. Nililichukua bandarini Dar nikaendesha mwenyewe. Nilitumia saa 11. Somanga nilipita kwa gia ya kwanza, nikamwomba kondakta wa lori anisimamie mbele akinionyesha pa kukanyaga. Alikataa hela, akaomba tu kukaa ndani dakika moja.

#20 Nzige wa Lindi

Mko na 86 na Altezza, mnaishi peponi. Mimi nina RX-8, injini ya rotari, chumba mbili za cc 654. Hii haina pistoni. Inapulizia oili yake yenyewe ndani ili kulainisha zile sili za ncha, kwa hiyo kupungua oili ni kawaida yake si ugonjwa. Napima kila nikijaza mafuta. Fundi wa kwanza Lindi aliona oili imepungua akaniambia injini imekufa, alitaka kuifungua!

Na usiiwashe ukaisogeza hatua mbili ukaizima. Petroli inalowesha plagi, haiwaki tena. Watoto wa jirani walihitaji nafasi ya kucheza mpira, nikaitoa uwanjani nikazima. Ilikaa pale siku mbili.

Kuhusu madoa: ninayo. Sina mwembe, sina shamba, nina kisima. Naungana na Binti.

#21 Kijana wa Chikongola

Kaka Mpwani ushuru ulilipaje? Nataka nijipange.

#22 Mpwani wa Shangani

Kanuni: forodha 25%, halafu ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu uchakavu, gari likizidi miaka 10 ni 30%, VAT 18% juu ya vyote, na tozo nyingine ndogo. Zinapandana, usizijumlishe tu. Na thamani wanaangalia yao, si ile uliyonunulia.

#23 Nzige wa Lindi

Injini ni lita 2 kwa hiyo ushuru wa bidhaa ulilipa 10%.

#24 Mpwani wa Shangani

Hapana mkuu, kadi inasoma cc 1998. Inayozidi 2000 ndiyo 10%. Nililipa 5%. Cc mbili zimeniokoa.

#25 Altezza Masasi

Ukijipanga, dogo, jipange na petroli pia. FA20 ya 86 ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1. Japani hizi hunyweshwa haiokteni, inayouzwa huko kama 100. Huku tunajaza ile iliyopo. Kompyuta ikisikia injini inagonga inarudisha moto nyuma, unapoteza nguvu kidogo lakini injini inapona. Usikanyage mlimani kwa gia kubwa mchana wa jua kali. Mimi mlima wa kupanda Newala nashuka gia mapema.

#26 Baharia Mstaafu

Naona chumvi imesahauliwa kwa sababu sikupiga kelele. Haya, hizo diski za breki mnaziwekea nini, maji ya kisima?

#27 Fundi Rangi Ligula

Diski ni chuma cha kalibu, hakipakwi rangi pale pedi zinaposhika. Unyevu wa usiku tu unatosha, hata Masasi. Ukikanyaga breki mara tatu inafutika. Hiyo isikunyime usingizi.

Ila Baharia ana haki kwenye sehemu moja. Mpwani, lala chini ya gari utazame maskio ya showa, yaani shokapu, mkono wa chini, na mshono wa ekzosi. Ukiona kutu inayotoa maganda, hiyo ni chumvi. Suuza chini kwa maji yasiyo ya chumvi kila wiki wakati wa kusi. Na kabla ya kulaza gari ulilotoka kuliosha, endesha kidogo ukifunga breki zikauke.

Na msimpeleke mtu Msimbati akaendeshe kwenye mchanga wa bahari na gari kama hili. Nimepokea moja Desemba iliyopita, mchanga wenye chumvi umejaa hadi ndani ya milango. Kijana analia.

#28 Mkazi wa Mikindani

Mmesahau saruji. Malori yanapita kwetu mchana na usiku. Vumbi la saruji likipata umande linaganda, na lina chokaa, linakula rangi kwa upande wa alkali. Hilo ni JEUPE, mwalimu. Na Mpwani safari zake na mama yake zinakuja huku.

#29 Kijana wa Chikongola

Na makaa ya mawe ya bandarini je? Yanatoka Ruvuma malori kwa malori.

#30 Mkazi wa Mikindani

Makaa ni meusi mdogo wangu. Tunatafuta cheupe.

#31 Mpwani wa Shangani

Nimepima. Siki nusu maji nusu, kivulini, saa 11 jioni, dakika moja kwa saa ya simu.

Nilichagua madoa 10. Boneti 6, paa 4. Ya paa yote manne yametoka, hata alama hakuna. Ya boneti yametoka mawili. Manne yamebaki, na ndiyo yale yanayosikika kwa kidole. Nimetazama chini pia: maskio ya showa ya nyuma yana kutu ya juujuu, haijatoa maganda. Ekzosi mshono mmoja una maganda.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya juzi.

#32 Binti wa Newala

Paa ni maji. Nilisema.

#33 Mwalimu wa Maabara

Taratibu. Siki inayeyusha ganda la chokaa, liwe limetoka kisimani au kwenye lori la saruji. Kipimo hiki hakiwezi kuwatenganisha Binti na Mkazi wa Mikindani. Kinachojulikana ni kwamba manne ya boneti si ganda.

Boneti ina joto la injini. Kitu kilekile kikidondokea paa kinakaa, kikidondokea boneti iliyotoka safari kinapikwa. Inawezekana ni maji yaleyale ya kisima, yamepikwa.

#34 Korosho Ghafi

Au ni dawa ya mikorosho imepikwa! Anafika Nanyamba boneti ina moto wa kilomita 40, anaegesha, watu wanapuliza.

#35 Mama Wawili

Samahani nimesoma uzi wote na hakuna aliyetazama juu. Gari linalala chini ya MWEMBE. Julai hadi Agosti mwembe unatoa maua, wadudu wadogo wanafyonza, wanadondosha majimaji matamu yanayonata. Baraza langu lote linanata miezi hiyo. Na kunguru wanalala humohumo. Kinyesi cha ndege kinatoboa rangi siku moja tu jua likipiga. Ondoa gari hapo kwanza ndipo mshike siki.

#36 Fundi Rangi Ligula

Kinyesi cha ndege nakikubali, kinaacha shimo lenye kingo, kama pete. Mpwani, yale manne yana pete?

#37 Mpwani wa Shangani

Mawili yana pete. Mawili hayana, yamenyooka kama tone.

#38 Baharia Mstaafu

Sasa tuna madoa ya aina tatu. Mkifika tano mtakumbuka bahari.

#39 Fundi Rangi Ligula

Nina boneti ya IST hapa nje, nimeipaka nyekundu mwezi jana kwa mteja ambaye hakurudi, klia iko vizuri. Mpwani njoo uichukue. Tuikate vipande vinne. Kimoja weka Shangani juu ya uzio mbali na mwembe, kimoja chini ya mwembe, kimoja kwa Korosho Ghafi shambani, kimoja kwa Mkazi wa Mikindani kando ya barabara. Visioshwe. Na gari lako mwenyewe uoshe kwa maji ya mvua. Hata hivyo kusi limeshaanza kuisha, kwa hiyo tutabaki na mashaka hadi Julai ijayo.

#40 Korosho Ghafi

Lete. Nitakiweka mstari wa tatu, palepale mpulizaji anapopita.

#41 Mkazi wa Mikindani

Kwangu kipo mahali, juu ya kibanda cha maji.

#42 Mpwani wa Shangani

Fundi, nakuja Jumamosi kabla ya Nanyamba. Vipande vikikatwa vidogo vitaingia nyuma viti vikilazwa. Gari kuanzia leo linalala upande wa pili wa nyumba, mama ameshahamisha kuku.

#43 Nzige wa Lindi

Kata vitano. Cha tano nitumie Lindi kwa basi, nikiweke karibu na kisima changu nikimwagie maji kila asubuhi juani.

#44 Kijana wa Chikongola

Kaka Mpwani, Jumamosi ukipita Chikongola naweza kukaa dakika moja kama yule kondakta?

#45 Mpwani wa Shangani

Saa 12 kasoro robo, kituo cha mafuta. Ukichelewa naondoka. Vaa suruali nyepesi, viti vyake vinabana.